Shemeji anasikia sauti, ukweni wanasema kaitwa na mizimu: usianze na ubishi

Juzi dada mmoja kaniandikia meseji, kaolewa Eastern Cape, Afrika Kusini, shemeji yake halali usingizi, anaongea peke yake usiku kucha, ukweni wanasema ni ukuthwasa, mizimu inamwita awe mganga. Yeye anataka hospitali. Afanyeje?

Dada, hayo nimeyaishi. Mzee wangu ni Mxhosa, kabila la hukohuko, alikuwa mkimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, pale Mazimbu, Morogoro, akampata mama hukohuko. Mazimbu ilipokabidhiwa serikali mwaka 1992 watu wakarudi kwao, na mi ndo nikaanza kuwajua ndugu zangu wa huko Mthatha, Eastern Cape.

Binamu yangu alipoanza, ukoo uligawanyika. Wengine wakasema amafufunyana, yaani katupiwa, mtu kachanganya udongo wa kaburini na sisimizi akamtegea, ndo maana sauti zinaongea tumboni mwake. Shangazi mkubwa hataki hata kulisikia hilo, kwake ni ukuthwasa tu. Na namwelewa! Amafufunyana ni aibu na kumsaka mchawi, ila ukuthwasa ni heshima, mtoto anavaa shanga nyeupe anaenda kufundwa kwa igqirha, mganga wa Kixhosa. Dalili zinafanana mno, mzazi gani atachagua aibu?

Sikubishana naye. Nilimuuliza tu analala? anakula? kuna siku kashika panga? Halafu nikasema basi twende wote kwa igqirha. Yule mganga, mama mmoja, akachoma impepho, majani ya kufukiza ya kuita mizimu, akamtazama binamu muda mrefu, akasema huyu simchukui, anaumwa, mpelekeni hospitali, kama kweli kaitwa mizimu itamsubiri. Shangazi hakuwa na la kusema.

Hospitali nako kuna mambo. Sheria yao ya afya ya akili ya mwaka 2002 inaruhusu mgonjwa anayegoma awekwe chini ya uangalizi masaa 72, kwahiyo msimwondoe usiku kwa huruma. Halafu vidonge havikufanya kazi kabisa, kumbe nyumbani akishameza anapewa dawa ya kienyeji ya kutapika, vyote vinaishia kwenye beseni, na nesi haambiwi maana alishawacheka kuhusu waganga. Tukaomba sindano ya kila mwezi. Leo binamu anachomelea mageti, ana wateja mpaka mjini, na hapo naringa kabisa.

Ila kuna mashangazi mpaka leo hawanisalimii, eti nimeleta umagharibi. Mi! Nyie wasomi mnaoingia ukweni na kuanza kuwaita wazee washamba, mnajiona mmeokoka na nini? Mtu akidharauliwa anaficha mgonjwa ndani, mwisho wa siku anayeumia ni mgonjwa. Kaa chini, msikilize mzee, kula alichopika, ndo uongee.

Na bangi, dada. Huko Pondoland, upande wa pwani wa Eastern Cape, inalimwa kama mchicha na ikimkuta mtu mwenye sauti inazidisha, binamu alitulia zaidi alipoiacha. Sasa kabla hamjafika kwa mizimu wala wachawi, muulizeni shemeji anavuta nini.