Jibu: Jalada la babu aliyesoma Chuo cha Ushirika Moshi

Habari mkuu. Umesema babu yako alisoma Ushirika Moshi mwaka 1968, ukaulizia "Chuo Kikuu cha Ushirika" ukaambiwa hakuna kitu. Anza na jina. Chuo kilianza 1963 kama Chuo cha Ushirika, 2004 kikawa chuo kishiriki cha SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na hadhi ya chuo kikuu kilipata 2014. Majalada ya zamani hubaki na jina la wakati wake, kwa hiyo taja jina la kwanza na mwaka.

Pili, usiishie maktaba. Uliza masjala. Maktaba hukupa ripoti za mwaka, majarida na picha za mahafali. Jalada la mwanafunzi ni kazi ya masjala. Nenda na barua ya utambulisho na kitu kinachoonyesha undugu wenu. Mimi nilipokuwa namfuatilia mzee wetu kwenye taasisi nyingine hapa Moshi, jalada lake halikuonekana, ila jina lilikuwemo kwenye orodha ya waliohitimu. Kwa hiyo omba orodha hata wakikwambia jalada limeteketezwa.

Halafu, nani alimlipia masomo? Kama alitumwa na chama cha ushirika, mathalani KNCU (ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ule ulioandikishwa 1933), barua za kumpeleka zinaweza kuwa upande wa chama. Huko nako waone wazee wa ofisi, wanajua kabati lipi lina nini kuliko daftari lolote.

Ukiruhusiwa kupiga picha, anza na namba ya jalada, ndipo kurasa.