Kuuza bunduki Marekani: jibu langu kwenu nyumbani

Mdogo wangu mmoja wa Bombo, aliyelinda mlango wa benki Kampala na bunduki ya SMG begani, ameniuliza kama akija huku Illinois anaweza kuajiriwa kwenye duka la bunduki, na kama sheria itamtaka asomee tena. Wengine mkadakia kwamba Marekani hakuna anayemfundisha muuzaji. Nawajibu wote bila kuficha.

Mliodakia mmekaribia ukweli. Sheria ya nchi nzima inamtaka mwenye duka awe na leseni, mnunuzi ajaze Fomu 4473, yaani fomu ya serikali ya kununua bunduki, na rekodi za mnunuzi huyo zikaguliwe. Muuzaji wa kaunta hadaiwi hata saa moja ya mafunzo ya usalama wa silaha. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Majimbo machache yamejitungia sheria zao. Hapa Illinois, kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2019, wafanyakazi wa maduka hayo husoma angalau saa 2 kila mwaka kuhusu sheria za mauzo na wajibu wa muuzaji. California imeweka kozi ya kila mwaka kuanzia Julai 1, 2026, pamoja na mtihani. Humo muuzaji anafundishwa kumtambua anayemnunulia mtu aliyekatazwa silaha, kuzuia wizi, na kumtambua mteja anayetaka kujidhuru. Somo hilo la mwisho ningelifanya lazima kila jimbo. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua. Karatasi zinaweza kuwa safi kabisa, na mteja mwenyewe anatetemeka mikono, hajali bei wala aina. Anayeweza kuliona hilo ni yule aliyesimama mbele yake, na kama hajafundishwa atapokea pesa tu.

Sasa wewe wa Bombo. Afande wako alikufundisha mtutu uelekee wapi, na hilo ni jema, lakini halikupi ruhusa hapa. Ukija kwa viza ya matembezi au ya masomo, sheria inakukataza kushika bunduki hata ukiwa kazini, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Ukikamatwa ni jela, kisha kurudishwa nyumbani. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, ila Illinois lazima pia apate kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha kumiliki bunduki, kutoka polisi wa jimbo. Huyo anayekuahidi "njoo tu, nitakuweka dukani" usimpe hata shilingi. Kyeyo nyingine, yaani vibarua vya ughaibuni, zipo. Niambie kwanza umeomba viza gani, ndipo tuzungumze kazi.