Muulize Mfamasia: Saa inasema presha iko sawa, mama aache dawa?

Mwezi huu maswali mengi mno ni ya saa janja na aplikesheni za afya, nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu lina hatari, na najua wapo wengi wenye mama kama huyu nyumbani.

Shikamoo dokta. Mama yangu ana presha miaka mingi, anameza amlodipine na losartan. Nimemnunulia saa janja Kariakoo inayopima presha, kila akipima inampa 118/76 au 120/78, sasa anasema amepona na leo ni siku ya tano hajameza dawa, na kweli hasikii chochote. Nimwache au nimlazimishe? (Kijana wa Mbagala)

Marahaba mwanangu. Usimlazimishe, kaa nae umweleze taratibu, ila leo leo mpeleke famasi au zahanati iliyo karibu akapimwe kwa mashine yenye mkanda wa kubana mkono, na arudi kwenye dawa zake kama alivyoandikiwa.

Ile saa haibani mkono, na hapo ndo tatizo lilipo. Mashine ya mkanda inaubana mshipa kisha inaachia, inapima msukumo wa damu wenyewe, wakati saa inamulika taa kwenye ngozi, inasoma mapigo, alafu presha inaikadiria kwa hesabu tu. Hata Samsung ambao saa zao ni za bei mbaya wanamtaka mtumiaji ailinganishe saa na mashine ya mkanda kila baada ya wiki 4, sasa saa ambayo haijawahi kulinganishwa na chochote inapata wapi hiyo 118? Mwongozo wa 2023 wa wataalamu wa presha wa Ulaya umesema wazi vifaa visivyo na mkanda visitumike kuamua matibabu ya mgonjwa. Na mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo namba zenyewe zisizotikisika, maana presha ya binadamu inapanda na kushuka siku nzima, akipanda ngazi, akikasirika, akilala.

Kuhusu kutosikia kitu, presha mara nyingi haina dalili mpaka siku imeshaharibu figo au imeleta kiharusi. Alafu amlodipine haitoki mwilini haraka, nusu yake tu inachukua kama saa 30 hadi 50 kutoka, kwa hiyo zile siku za kwanza baada ya kuacha bado ilikuwa inamsaidia kimya kimya, mtu anaona yuko sawa kumbe ni dawa ya juzi ndo inafanya kazi.

Kama uwezo upo mnunulie mashine ya mkanda wa mkono wa juu, na mkanda umtoshe, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa ya uongo. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 bila kuongea, miguu chini asikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa, na mkanda ukae kwenye ngozi sio juu ya kitenge. Apime mara mbili akipumzika dakika moja katikati, uandike zote. Nyumbani tunataka ikae chini ya 135/85. Ikifika 180/120 na kifua kinauma, au mdomo umepinda, au upande mmoja umelegea, hiyo ni hospitali muda huo huo. Na akienda famasi aje na hizo namba pamoja na dawa zote anazotumia, mpaka ya maumivu, maana nimeona wengi presha inagoma kushuka kumbe kila siku mtu anameza diklofenaki ya magoti, na hiyo inapandisha.

Saa usiitupe. Mwekee alamu ya dawa humo humo, imhesabie na hatua.

Dokta habari za kazi. Nina kisukari, nimeona mtandaoni pete inayopima sukari bila kujitoboa. Vidole vyangu vimechoka kwa kweli. Ninunue? (Mama wa Tanga)

Pole dada yangu, nakuelewa kabisa, ila usinunue. Tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ukiwa kwenye insulini au glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari), pete ikakwambia sukari iko juu, 14, wakati kweli una 5, ukaongeza dozi, unaweza kuanguka ukapoteza fahamu.

Kilichopo cha kweli ni sensa za kubandika mkononi kama FreeStyle Libre, ina kiuzi kinaingia chini ya ngozi, inakaa kama wiki mbili na simu inasoma. Bei yake ni kubwa, siwezi kukudanganya. Na ukiipata mwambie mfamasia dawa zako zote, kwa sababu vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kuipandisha namba ya baadhi ya Libre kwa uongo, na vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji watu wanavyokunywa wakiwa na mafua vingi vina 1000. Wenye selimundu wanaotumia hydroxyurea nao wawe makini na sensa za kampuni nyingine, Dexcom, zinasoma juu kuliko ukweli.

Kwa sasa toboa pembeni ya kidole sio kwenye ncha, kule kwenye ncha kunauma zaidi, badilisha vidole, na nawa mikono kwa sabuni kwanza, ukitoka kumenya embe ukapima hapo hapo utaletewa sukari ya embe.

Daktari, natumia ARV. Niliweka aplikesheni ya kunikumbusha, juzi simu iko mezani jina la dawa likatokea mbele ya shangazi. Niliifuta na sasa nasahau dozi. (Msichana wa Mombasa)

Pole sana mwanangu. Weka alamu ya kawaida ya simu uiite "maji" au jina lolote unalolijua wewe, na kwenye mipangilio ficha maneno yasionekane skrini ikiwa imefungwa. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo, ila usimeze mbili kwa mpigo.

Na si lazima kitu cha kisasa sana. Kenya hapo hapo kuna utafiti wa WelTel uliochapishwa 2010 kwenye jarida la kitabibu The Lancet, watu 538 walioanza ARV, nusu yao kliniki ikawa inawatumia meseji moja kwa wiki, "Mambo?", basi, haitaji ugonjwa wala dawa. Unajibu Sawa au Shida ndani ya saa 48, ukisema shida au ukinyamaza unapigiwa simu. Waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, kwa wasiotumiwa meseji asilimia 50. Muulize mfamasia wa kliniki yako kama anaweza kukutumia ujumbe wa namna hiyo. Sheria ya Kenya ya 2019 ya ulinzi wa data inahesabu taarifa za afya yako kuwa nyeti, una haki ya kuuliza nani anaziona.

Mteja anakuja na saa imeandika mapigo 50, anataka dawa ya kuyapandisha. Nimpe nini? (Mtoa dawa, duka la dawa muhimu, Mwanza)

Usimpe kitu. Hesabu mapigo mwenyewe kwa vidole dakika nzima, muulize kama anatumia atenolol, propranolol au carvedilol, hizo kazi yake ni kupunguza mapigo. Asiache ghafla, arudi kwa aliyemwandikia. Akiwa na kizunguzungu, amezimia au kifua kinabana, hospitali.

Na kile kidude cha kubana kidoleni cha oksijeni usikiamini peke yake, utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kwa wagonjwa weusi kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wazungu. Mtu akiwa anahema kwa shida, hata kikisema 94, mpeleke kituo cha afya.