Skolashipu ya jeshi la Marekani: ulizeni uraia kabla ya alama

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, swali kutoka nyumbani huwa ni lile lile: "Kijana wetu amefaulu na anapenda jeshi. Hiyo ROTC inayosomesha chuo kikuu Marekani, anaiombaje akiwa huku?"

Ndugu zangu, haiombi. ROTC, yaani mpango wa kuwaandaa maafisa wa jeshi wakiwa chuo kikuu, ni ya raia wa Marekani. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati, na mwenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) naye hapati, kwa sababu anayehitimu huapishwa kuwa luteni usu na afisa lazima awe raia. Wa grinikadi anaruhusiwa kujiunga kama askari wa kawaida, akapata uraia, ndipo akaomba uafisa. Kwa hiyo anayewauzia nafasi Dar au Nairobi ni tapeli. Msimpe hata senti.

Kijana aliye nyumbani ana mlango mwingine, mwembamba. Chuo cha West Point, cha maafisa wa jeshi la Marekani, hupokea kadeti wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, dunia nzima. Anapendekezwa na serikali yake, na akimaliza anarudi kutumikia jeshi la kwao. Pa kuanzia ni jeshi lenu wenyewe.

Sasa nyinyi wenye watoto huku Marekani, sikilizeni vizuri. Mtoto mwenye grinikadi anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi wake huwa raia siku ile mzazi anapokula kiapo cha uraia, mradi hajatimiza miaka 18. Pigeni hesabu. Walioingia kwa lotari ya grinikadi huomba uraia baada ya miaka 5, na fomu hupokelewa siku 90 kabla haijatimia. Mtoto aliyeingia na miaka 11 anawahi. Aliyeingia na 14 keshapita, itabidi aombe mwenyewe. Mzazi anayesema "tutaomba mwakani" anaweza kumfungia mwanawe mlango bila kujua, na hilo linauma. Mkishaapa, mchukulieni mtoto pasipoti mara moja, na majina yafanane kila mahali. Shuleni kaandikishwa kwa jina la baba, pasipoti ina la babu: hapo faili husimama.

Kwa jeshi la nchi kavu (wanamaji na anga wana taratibu zao), maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, mtoto akimaliza darasa la 11, na hufungwa mwanzoni mwa Februari. Wastani wa chini wa alama za shule ni 2.5 kati ya 4, lakini huo ni wa kuruhusiwa kuomba tu, hauwezi kumshindia nafasi. Kuna mtihani wa kuingilia chuo, SAT au ACT, kuna mahojiano na afisa anayeongoza ROTC chuoni, kisha mazoezi mbele ya mwalimu wa michezo: pushapu dakika moja, kulala chali na kuinuka dakika moja, na mbio za maili moja. Aanze kukimbia miezi kabla. Watoto wetu wengi hawachezi timu yoyote kwa sababu jioni wanalea wadogo zao au wako kazini dukani. Ayaandike hayo, pamoja na saa kwa wiki, maana uongozi na kazi huangaliwa pia.

Pa kuogopa kuliko SAT ni uchunguzi wa afya. Pumu baada ya miaka 13 inamwondoa, labda aombewe msamaha maalumu. Daktari akimwandikia pampu ya kuvuta dawa kwa kikohozi cha baridi, muulizeni ameandika ugonjwa gani kwenye faili. Na msifiche kitu, kumbukumbu za hospitali hujitokeza.

Akipata, huchagua kulipiwa ada yote au malazi na chakula, na juu yake dola 1,200 za vitabu kwa mwaka na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo. Ila chuo chenyewe kinaombwa kando. Skolashipu bila barua ya chuo haina kazi.

Halafu deni. Mkataba ni wa miaka 8, kwa kawaida 4 ya kazi kamili jeshini na inayobaki katika jeshi la akiba. Kwenye skolashipu ya miaka 4, akijitoa mwaka wa kwanza hadaiwi. Akishaingia wa pili akaacha, serikali inaweza kudai fedha zake au kumwita atumike kama askari wa kawaida. Someni naye ukurasa huo kwa Kiswahili, mezani, kabla hajaweka saini.