Jibu: Je, Herbert Howells aliitunga Requiem kumlilia mwanawe?

Ndugu yangu, hiyo hadithi imezunguka sana, ila tarehe zinaikataa. Howells, mtunzi wa muziki Mwingereza, aliitunga Requiem, yaani muziki wa kwaya wa kuwaombea marehemu, mwaka 1932. Mwanawe Michael alifariki kwa polio mwaka 1935, akiwa na miaka 9. Kwa hiyo muziki ulitangulia msiba.

Lakini si kwamba umekosea kabisa. Baada ya mazishi, Howells aliirudia kazi hiyo, akachukua vipande vyake na kuvikuza kuwa Hymnus Paradisi, ya kwaya, waimbaji wanaoimba peke yao na okestra. Hiyo ndiyo ya Michael. Akaifungia kabatini miaka mingi. Ilisikika hadharani mara ya kwanza mwaka 1950, mjini Gloucester, Uingereza. Requiem yenyewe ilichapishwa baada ya 1980, mzee akiwa karibu na miaka 90!

Ukitaka kuisikiliza, anza na Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho milimani. Haina kinanda wala ala yoyote, sauti tupu, na maneno yanatiririka kama mtu anayesali polepole. Kwenye “Requiem aeternam” (Kilatini, “pumziko la milele”) kwaya inagawanyika makundi mawili, sauti zinagongana kidogo kisha zinatulia. Mimi naipenda kuliko ile kubwa ya okestra, samahani kwa mashabiki wake.