Swali la lugha: "Ana tezi", tezi ipi?

SWALI: Dada yangu amepigwa picha ya CT ya kifua, daktari akasema ana uvimbe kwenye tezi ya thaimasi unaoambatana na ugonjwa wa kinga, miasthenia gravisi. Nyumbani tunasema "dada ana tezi", majirani wanadhani ni rovu. Shangazi aliposikia "ugonjwa wa kinga" akaanza kulia. Tusemeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Poleni sana, Mungu amjalie dada nafuu.

Tezi kila mtu anazo, ila kwa mazoea tumelifanya neno hilo kuwa jina la ugonjwa. Mzee akisema ana tezi, tunaelewa ni tezi dume. Mwanamke akisema hivyo, tunamtazama shingo. Thaimasi haimo katika hizo. Iko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Humo chembe za kinga hujifunza kuutambua mwili wake zisiudhuru, na baada ya balehe tezi hiyo hunywea. Ya shingoni ni thairoidi, na ikivimba ndiyo rovu. Msizichanganye hata kidogo, kwa sababu mgonjwa wa miasthenia anaweza kuugua thairoidi pia, na kila tezi ina tiba yake. Semeni "uvimbe wa thaimasi". Neno saratani lisubiri majibu ya maabara, kwani uvimbe huu una aina zinazokua polepole na aina kali.

Kilio cha shangazi nakielewa. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, basi "ugonjwa wa kinga" husikika hivyo hivyo. Kwa dada kinga inamshambulia mwenyewe: antibodi, yaani protini za kinga, zinavuruga mahali neva inapokutana na msuli, kope zinalegea, anaona viwili viwili, na kadiri misuli inavyotumika ndivyo inavyochoka. Wengine huandika "ugonjwa wa kingamwili", lakini kingamwili kwa wengi ndiyo hiyo antibodi, kwa hiyo msikilizaji anabaki gizani. Mimi napendelea kitenzi kiseme: "kinga ya mwili wake inashambulia misuli yake". Ni maneno mengi, lakini shangazi ataelewa.

Na daktari alichagua vizuri kusema "unaoambatana". Takriban theluthi ya wenye uvimbe huu, au zaidi, hupata miasthenia. Lakini katika wagonjwa 100 wa miasthenia, 10 hadi 15 tu ndio wenye uvimbe. Kwa hiyo msimwambie kila mwenye kope zilizolegea kwamba ana uvimbe kifuani.