Waasi au wanamgambo? Mkakati au mbinu?

SWALI: Mwalimu, salamu. Nimeandika makala kuhusu mkakati wa majeshi ya kigeni katika vita vya uasi. Mhariri hapa Nairobi amegeuza "waasi" kuwa "wanamgambo" na "mkakati" kuwa "mbinu" kila mahali, kisha akaikata sentensi yangu, "Wenyeji wameyaasi majeshi ya kigeni." Amekosea wapi? (Msomaji, South B)

JIBU: Nianze na sentensi iliyokatwa, kwa kuwa hapo mhariri amekufaa. Kitenzi "asi" hudai kwanza uwepo utii unaovunjwa. Mtoto huasi wazazi, askari huasi amri, mja humwasi Mola wake. Jeshi lililovuka mpaka juzi halina utii linaloudai kwa mwenyeji, basi haliwezi kuasiwa. Waasi wameiasi serikali yao. Majeshi ya kigeni wanayapinga, wanayavizia, wanapigana nayo.

Sarufi hiyo imebeba kiini cha makala yako. Jeshi la kigeni linaingia katika ugomvi ambao si wake. Hata likishinda kila pambano, ikiwa polisi wa serikali inayosaidiwa wanadai hongo na mahakama zake zinauza hukumu, sababu ya kuasi iko palepale. Afghanistan, majeshi ya Marekani yalikaa karibu miaka 20, na Agosti 2021 Kabul ikaanguka kabla hayajamaliza kuondoka. Silaha hazikuwa haba. Serikali ndiyo iliyokosa watu wa kuipigania.

Kwenye "mkakati" na "mbinu" mhariri amekosea, tena vibaya. Mkakati hueleza lengo, rasilimali za kulifikia na muda utakaotumika. Mbinu ni namna kikosi kinavyotekeleza kazi moja. Kuwafurusha waasi mjini, kuushikilia mji, kisha kurudisha utawala, shule na soko: huo ni mkakati. Kushika doria kwa miguu badala ya magari, kubadilisha njia kila siku ili kuepuka mabomu ya kutegwa, kuweka vizuizi barabarani: hizo ni mbinu.

Chukua hesabu. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa mwaka 2006 ulipendekeza walinda usalama 20 kwa kila wakazi 1,000. Mji wa watu 150,000 basi unahitaji 3,000, wakiwemo polisi na askari wa nchi yenyewe. Ukipeleka 600 watawafurusha waasi vizuri tu, lakini hawatoshi kubaki katika kila mtaa. Wakihamia mji wa pili, waasi hurudi usiku na kuanza na yule aliyewaonyesha askari nyumba. Safari ijayo hakuna raia atakayefungua kinywa. Hapo mbinu zilikuwa safi na mkakati ndio uliokuwa mbovu. Ukiyafanya maneno haya kuwa kitu kimoja, sentensi hiyo huwezi kuiandika.

Kwa sababu hiyohiyo, chunga vitenzi. "Kuteka" mji huweza kuwa kazi ya siku moja. "Kudhibiti" ni kukaa hadi mwenye duka afungue bila kuwalipa waasi ushuru. Taarifa inayosema vikosi "vimedhibiti" mji saa chache baada ya kuingia imesema lisilokuwepo bado.

Sasa "wanamgambo". Mgambo ni mwito wa kukusanya watu, ndiyo maana wazee husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tanzania, mgambo ni askari wa akiba anayeisaidia serikali. Kenya, vyombo vya habari vimezoea kuwaita Al-Shabaab wanamgambo, na msomaji wa Nairobi haoni tatizo. Wa Dodoma atashtuka akisoma kwamba wanamgambo wameshambulia kituo cha polisi. Katika makala ya mkakati dosari ni kubwa zaidi, kwa kuwa majeshi ya kigeni mara nyingi huwapa silaha wenyeji wawasaidie. Utawaitaje hao? Waachie wao neno "wanamgambo", na wanaopigana na serikali wabaki "waasi". "Magaidi" litumie kwa kitendo mahususi dhidi ya raia, lisiwe jina la kila mwenye bunduki.

Hata "waasi", hata hivyo, ni neno lenye upande. Oktoba 1952 Waingereza walipotangaza Hali ya Hatari, na Aprili 1954 walipoizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, waliwaita Mau Mau waasi na magaidi kwa kuwa walijihesabu serikali halali, si jeshi la kigeni. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003 tu, na leo tunawaita wapigania uhuru. Palipo na shaka juu ya uhalali wa serikali, andika "wapiganaji" na utaje kundi lao.

Mawili ya haraka. Umeandika "vita imeanza". Vita ni vya ngeli ya vi-, kwa hiyo vimeanza, vikali, vimeisha. Pia "majeshi ya kigeni yanapigana na serikali dhidi ya waasi" ina mtego: kupigana na mtu ni kumpiga. Andika "yanapigana bega kwa bega na serikali dhidi ya waasi."